Wiki nzima na Prof Nairobi: wodini, Majengo, Kabete

Jumapili

Nimefika Nairobi jioni, mwili umechoka lakini naandika hivyo hivyo maana nikingoja kesho nusu itakuwa imeshapotea. Mimi ni daktari kwenye hospitali ya kaunti huku Taita Taveta, na wiki hii nimeomba ruhusa nije nishinde na mwalimu wangu wa zamani, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, mama aliyeingia kwenye utafiti miaka ya 80 akiwa daktari mchanga kabisa na mpaka leo hajatoka. Jina lake siliweki, mwenyewe hapendi kutajwatajwa, hapa atabaki Prof kama tulivyomzoea darasani.

Kilichonileta ni mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele mwilini. Mwisho wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox Kenya alipatikana kwetu, pale mpakani Taveta, msafiri aliyekuwa anatoka Uganda kwenda Rwanda akipitia huku, na wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani, WHO, wakatangaza dharura ya dunia. Simu zilikuwa haziishi. Madereva wa malori wanauliza, wauza ndizi sokoni wanauliza, chifu anauliza, nami nasoma usiku ili asubuhi niwe na la kuwaambia, na hapo ndipo nikajua hii ndiyo kazi ninayoitaka, yaani kumtibu anayefika ndio, lakini pia kujua ugonjwa umetoka wapi, unapitia kwa nani, na unazibwa wapi. Nikampigia Prof. Akanijibu, "Njoo wiki nzima. Ukija siku moja utaona ofisi tu."

Treni kutoka Voi ilikuwa imejaa, Tsavo kavu, watoto wamevamia dirisha wakitafuta ndovu. Syokimau nikadandia treni ya mjini, halafu matatu mpaka Umoja kwa shangazi. Nimekula, nalala.

Jumatatu

Raundi ya asubuhi kwenye hospitali kubwa ya umma, siitaji kwa heshima ya wagonjwa. Prof bado anapanda wodini kila Jumatatu ingawa umri wake ni wa kukaa nyumbani na wajukuu, na madaktari wanafunzi wanamfuata kitanda kwa kitanda wakiwa wameshika mafaili kifuani.

Kitanda cha pembeni kulikuwa na kijana wa bodaboda. Kichwa kimemuuma wiki mbili, anatapika, anaona vitu viwili viwili, amepimwa HIV juzi ndio anajua. Prof akasema huyu tumtoe maji ya uti wa mgongo sasa hivi, sio mchana. Akalazwa ubavu, magoti kifuani, sista amemshika mabega akimwambia pole pole kaka usitikisike, na sindano ikaingia kati ya mifupa ya kiuno. Tukaunga ule mrija wa kupima presha. Kawaida maji hayafai kuvuka sentimita 20, haya yakapanda yakapita 30 yakaendelea kupanda, hakuna aliyesema neno. Tukatoa maji kidogo kidogo mpaka presha ikashuka. Kabla hatujamaliza kitanda kilichofuata yule kijana alikuwa anauliza kama anaweza kupata chai.

Maabara wakachanganya tone la yale maji na wino mweusi, nikaangalia mwenyewe kwenye hadubini: duara ndogo ndogo, kila moja na ukingo mpana mweupe, zimejaa. Hiyo ni Cryptococcus, fangasi anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, wengi wetu tunamvuta na hatuugui, ila kinga ikishuka anapanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Dawa za HIV, yaani ARV, haanzi leo, anangoja wiki 4 hadi 6, maana majaribio yalionyesha ukiwahi kuanzisha na ugonjwa huu wengi zaidi wanakufa. Kwa fangasi mwenyewe zamani ilikuwa dripu ya amphotericin, dawa ya fangasi, kila siku, figo zinaumia, damu inashuka. Halafu ukaja utafiti wa AMBITION, Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wagonjwa zaidi ya 800, dozi moja kubwa ya siku moja pamoja na vidonge vya wiki mbili. Waliokufa kufikia wiki ya 10 walikuwa karibu 25% kwa dozi moja, na karibu 29% kwa matibabu ya zamani, kwa hiyo dozi moja haikuzidiwa na ilikuwa na madhara machache. WHO wakabadilisha mwongozo 2022.

Prof akawageukia wanafunzi, "Hao 800 walikuwa na kichwa hiki hiki cha huyu kijana. Wengine ndugu zao ndio waliwakubalia. Nani kati yenu anajua kama kuna mtu aliyerudi kuwaambia kilichopatikana?" Kimya. Hilo swali sikujua bado litanifuata wiki nzima.

Wakati wa kunawa mikono akatupa stori ya Dr Shem Musoke, ambayo wengi wa wanafunzi hawakuwahi kuisikia na ni aibu kwa shule zetu kutoifundisha. Januari 1980, daktari kijana hapa hapa Nairobi, akahudumia mgonjwa aliyetoka upande wa Mlima Elgon akiwa anatapika damu, damu ikamrukia, siku chache naye yuko kitandani. Alipona. Damu yake ndiyo iliyoonyesha kwamba ni Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, na virusi vilivyotolewa mwilini mwake mpaka leo kwenye maabara za dunia vinaitwa Musoke.

Jumanne

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Majengo, Pumwani.

Tulishuka kwenye matatu ya Eastleigh tukaingia ndani kwa miguu, Prof, mimi, na nesi mmoja aliyestaafu ambaye kila mtu njiani anamsalimia. Nyumba za udongo na mabati, msikiti, mama wa mahamri, watoto wa madrasa. Ukipita hapa bila mtu wa kukuambia huwezi kudhani kwamba sehemu kubwa ya yale ulimwengu unayajua kuhusu HIV kwa wanawake ilianzia kwenye vichochoro hivi.

Ilianza kwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza kushirikiana kuhusu vidonda vya sehemu za siri na kisonono. Akaja daktari kijana wa Kanada, Frank Plummer, na upande wetu alikuwepo Elizabeth Ngugi, nesi aliyekuja kuwa profesa, na Prof anasema bila Ngugi hakungekuwa na chochote, kwa sababu ndiye aliyekaa chini na wanawake wanaouza mwili, akawaitisha baraza, wakachagua viongozi wao wenyewe, akawaongelesha kama wazazi na watu wa biashara, wakati huo polisi wanawakamata na mtaa unawatukana. Kenya ilirekodi mgonjwa wa kwanza wa ukimwi 1984. Wanawake hao walipopimwa, ripoti ikatoka 1986 kwamba kati ya wale maskini zaidi 66% tayari walikuwa na virusi. Prof aliona yale majibu yakitoka. Anasema walidhani mashine imeharibika.

Halafu kikaja kile kilichowashangaza wote. Wachache kati yao, mwaka baada ya mwaka, wateja wengi, hawaambukizwi. Damu yao ikaonyesha wana seli za kinga aina ya CD8 zinazovitambua virusi, yaani mwili umekutana navyo na kuvipiga kabla havijashika. Hapo ndipo tumaini la chanjo lilipopata nguvu, Nairobi na Oxford wakatengeneza moja kwa aina ya HIV iliyo nyingi hapa Kenya, na 2001 majaribio yakaanza Nairobi chini ya Prof Job Bwayo. Kinga iliyoamshwa ikawa hafifu mno. Na mwaka huo huo ikachapishwa habari nzito kuliko zote: baadhi ya wale wanawake wasioambukizwa waliambukizwa, na wengi wao ni baada ya kupunguza kazi kwa muda. Kinga yao ilikuwa inategemea kukutana na virusi mara kwa mara. Fikiria kumwambia mtu hivyo.

Na bado kuna lililotoka hapa likaokoa watu. Wanaume waliokuja kliniki ya Nairobi wakiwa na magonjwa ya zinaa walifuatiliwa, 1989 ikaonekana wenye vidonda na wasiotahiriwa ndio wanaoambukizwa zaidi, swali hilo likabebwa mpaka Kisumu, wanaume 2,784 wakapigiwa kura nani atahiriwe sasa nani angoje, na Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tohara ilikuwa imepunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu.

Tuliingia kwa bibi mmoja aliyekuwa kwenye utafiti tangu ujana wake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nikae karibu na mlango kuna hewa. Yeye na Prof wanaitana dada. Chai ya rangi yenye tangawizi, mahamri kwenye sahani ya plastiki, redio chini kwa chini. Akavuta mkono wa buibui akanionyesha kiwiko, ngozi imekuwa ngumu pale sindano zilipokuwa zinaingia. "Nimetoa damu mtoto wangu wa kwanza akiwa nasari, sasa ana watoto wake. Damu yangu imefika Kanada, imefika Uingereza. Mimi Mombasa sijafika."

Hakusema kwa uchungu. Anasema kliniki ilimtibu bure wakati hakuna kwingine alikoweza kwenda bila kudharauliwa, ilimfundisha kondomu wakati hakuna anayelitamka neno, na wenzake walioambukizwa wako hai kwa dawa. Ila akamuuliza Prof, "Dada, hivi mwisho wa yote, mlipata nini?" Nilidhani Prof atajibu kwa sentensi mbili. Alitoa kalamu, akageuza risiti ya supamaketi, akachora seli, akachora virusi, akaeleza seli gani ilikuwa inafanya nini mwilini mwake yeye, akaeleza chanjo ilikwama wapi, akaeleza Kisumu. Ilichukua chai mbili. Bibi akauliza maswali makali kuliko ya wanafunzi wa jana, mojawapo hili, kama walijua kwamba kinga inapotea mtu akipumzika, waliwaambia lini wale waliokuwa wanataka kuacha? Prof akamjibu mpaka mwisho bila kukwepa, na yale majibu nawaachia wao wawili.

Plummer alifariki hapa Nairobi Februari 2020, alikuwa amekuja kwa maadhimisho ya ule ushirikiano. Bibi anamkumbuka. Ngugi ndiye anamkumbuka zaidi.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri, Waiyaki Way imesimama, tumefika Kabete tukiwa tumechelewa. Prof alitaka nione tu mahali. Mwaka 1930 kondoo walikufa kwa wingi kwenye shamba moja karibu na Naivasha, kondoo wachanga hasa, na wenye mimba wakatupa, na maabara ya mifugo ya Kabete ikatafuta mpaka 1931 wakatangaza ugonjwa mpya, homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu aina ya Aedes yanabeba virusi na kukaa kwenye udongo mkavu miaka, yakisubiri mafuriko. Ndio maana ilikuja baada ya mvua za El Niño 1997 na 1998, ikaja tena mwisho wa 2006, hapa Kenya peke yake ikaua zaidi ya watu 150, wengi kaskazini mashariki, wafugaji na wachinjaji.

Hii nimeichukua kama ya nyumbani. Kwetu ranchi ni nyingi, ng'ombe wanatoka mbali wanapita, mvua ikinyesha Voi inageuka mto, na mgonjwa mwenye homa akipimwa malaria ikakosekana mara nyingi anaandikiwa antibiotiki na kwenda zake. Nimemuuliza Prof nianzie wapi. "Anza na daftari. Homa isiyo malaria, anaishi wapi, anachunga nini, amekunywa maziwa gani. Mwaka mmoja wa daftari zuri ni mwanzo wa protokali, yaani mpango wa utafiti."

Alhamisi

Siku ya ofisi. Nairuka nusu yake, ni karatasi. Kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, bodi ya dawa kama kuna dawa inayojaribiwa, mkataba wa kusafirisha sampuli, na friza za nyuzi 80 chini ya sifuri ambazo stima ikipotea mtu anakimbia kuangalia jenereta imeshika. Prof anasema nusu ya maisha yake ni kuandika maombi ya pesa, na mengi hayapiti. Kijana anayetaka njia hii ajue: udaktari miaka 6, internship mwaka mmoja, halafu MMed, yaani digrii ya ubingwa, halafu fellowship, wengine na PhD juu yake, na katikati ya hapo unategemea mikataba ya miezi. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, vijana aliowafundisha walipigiwa simu asubuhi wakaambiwa wasije kazini, na kulikuwa na washiriki wanaongoja ziara yao ya kliniki siku hiyo hiyo. Prof na wenzake wakawapigia mmoja mmoja kwa simu zao binafsi. Hapo sauti yake ilibadilika, sijawahi kumsikia hivyo.

Nikamuuliza kwa nini basi hajaenda nje wakati alipata nafasi. Akanitajia utafiti wa FEAST. Sisi wote tulifundishwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu ukiwa mbaya apewe maji mengi ya haraka mshipani, vitabu vyote vilisema hivyo. Madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania, na Kathryn Maitland wa Kilifi akiongoza, wakajaribu kwa watoto 3,141, na 2011 ikaonekana waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi, karibu 10.5% ndani ya saa 48, na wasiopewa 7.3%. Vitabu viliandikwa mahali penye ICU, wodi za mahututi, kila kona. "Hilo swali nani angeuliza kama sisi wote tungeondoka?" Akanitajia na utafiti wa KEN SHE, wa Prof Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Ruanne Barnabas, wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, chanjo ya virusi vya HPV dozi moja ikakinga 97.5% dhidi ya aina mbili za virusi hivyo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi nyingi zaidi. Dozi moja badala ya mbili au tatu, nchi maskini zinaweza kuchanja wasichana wengi kwa bajeti ile ile. Ilichapishwa 2022, na mwaka huo huo WHO wakakubali dozi moja.

Mimi naamini hapo. Swali lizaliwe huku, na jibu lifike huku kwanza.

Ijumaa

Ukumbi wa kijamii, Eastlands, viti vya plastiki, soda na mkate. Prof na timu yake walikuwa wanarudisha matokeo ya utafiti wao mdogo wa kifua kikuu majumbani. Takwimu zao siziandiki, hazijachapishwa, lakini za nchi ziko wazi: uchunguzi wa kitaifa uliofanywa 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na kwamba karibu 40% hawafikiwi na kliniki kabisa. Wanatembea, wanapanda matatu, wanakohoa.

Baba mmoja fundi wa magari, bado ana ovaroli, akasimama. "Daktari, mlichukua kohozi langu mwaka jana. Mimi nataka langu, sitaki la nchi." Watu wakapiga makofi. Prof akasema, "Mzee wangu, lako liko hapa, tutakaa pembeni mimi na wewe, la wote nitasema mbele ya wote." Na kweli meza ilikuwa imewekwa pembeni, pazia, nesi na bahasha zenye namba, kila mshiriki anaitwa. Kulikuwa na mama aliyelalamika kwamba mtoto wake alikataliwa kuingia kwenye utafiti kwa umri, naye akaelezwa kwamba mtoto anayeishi na mgonjwa ana haki ya dawa za kuzuia hata kama hayuko kwenye utafiti wowote, akaandikiwa barua ya kliniki pale pale. Mzee wa mtaa akauliza kama madirisha ya nyumba za kupanga yanahusika, na kijana wa timu akakiri ndiyo, hewa ndiyo kila kitu, na mwenye nyumba mmoja aliyekuwepo akainama kidogo.

Yule fundi alitoka nyuma ya pazia anatabasamu. Sikuuliza, si haki yangu.

Ilichukua mpaka giza. Nilimuuliza mmoja wa vijana wa Prof hii ziara ya kurudisha majibu inalipwa na fungu gani. Akasema Prof huiandika kwenye bajeti kila ombi tangu mwanzo, mstari wake peke yake, na mfadhili akiufuta, anaurudisha.

Jumamosi

Treni ya kurudi. Nimepewa kazi tatu na Prof. Niombe MMed ya mwaka ujao. Nianzishe daftari la homa, safu amenichorea mwenyewe. Na ya tatu, ambayo ndiyo ninayoianza kwanza: tulichukua damu kwa wafugaji wa upande wa Taveta, majibu yametoka maabara mwezi huu, na ripoti ya wizara inaandikwa. Nimeshaongea na chifu kwa simu kabla ya Mtito Andei, mtandao ukakatika, nikampata tena. Anasema Alhamisi ni siku ya mnada, watu wote wako sokoni, nije siku hiyo, na nije na mtu anayeongea Kimaasai vizuri maana wazee watauliza sana. Nimemwambia nitakuja na majibu ya kila boma kwenye bahasha yake, na nitakaa mpaka wamalize.